Mgongo Uliosahau Kukushusha

Karatu, jioni

Mwanangu Emiliana,

Salamu siandiki. Tumesalimiana asubuhi na tutasalimiana tena ukirudi kutoka kwa Mama Lea na hizo nywele zako. Amesema saa mbili atakuwa amemaliza kukusuka, na Mama Lea akisema saa mbili ujue ni saa tatu, kwa hiyo muda ninao.

Barua zote nilizowahi kuwachapia watu zilikuwa na anwani pembeni na YAH katikati, imepigiwa mstari. Nimekaa hapa nikajiuliza, hii ningeipa YAH gani. YAH: MGONGO. Ungecheka mpaka udondoke. Basi acha iende hivyo hivyo bila YAH.

Mambo ya sweta, soksi nzito, kuwahi gari la stafu, kumwamkia meneja na kusali umeshayasikia mpaka yamekuchosha, na Mama Lea lazima anakuongezea mengine sasa hivi, maana amekushika kichwa na huwezi kukimbia. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, na nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa. Kila nikianza unanyooka pale ulipo, unaniambia, "Haya mama, nimenyooka," unatabasamu, na mazungumzo yanakuwa yameishia hapo. Nikigeuka kuangalia sufuria, umeshajikunja tena juu ya simu. Juzi umeniita trafiki. "Mama na wewe, umekuwa kama trafiki, kila mahali unatusimamisha." Nilicheka na mimi. Lakini sikuwa nacheka moyoni.

Ukiona mwandiko umelala upande, hapo ndipo vidole vimekufa ganzi. Naweka kalamu chini, nakung'uta mkono, naendelea.

Ni kuhusu kukung'uta mkono ninakuandikia.

Uliporudi kutoka fildi, yale mafunzo ya kazi kule kule lojini walikokuajiri sasa, jioni ile ya kwanza tulikula makande. Ulikuwa unatusimulia habari za wageni, yule mzungu aliyeuliza kama nyati wanafungiwa usiku, wote tukacheka, na mimi nikaona mkono wako wa kulia uko chini ya meza unaukung'uta. Polepole, kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Nikakuuliza una nini. Ukasema, "Baridi ya kule juu tu, mama. Itaisha."

Niliinuka nikatoka nje nikasema naenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Kuku nilikuwa nimewafungia mwenyewe. Nilisimama pale uani kwa sababu maneno uliyosema ni yangu. Mimi nilikuwa nasema ni baridi ya mwezi wa saba. Mwezi wa saba ukaisha, jua likawaka, vumbi la Karatu unalijua, na mimi bado nakung'uta mkono nasema ni baridi.

Nikusimulie ilivyoanza, maana sehemu kubwa ulikuwepo, ila ulikuwa umelala.

Ulikuwa hujaanza hata kukaa. Baba yako alikuwa Mang'ola kwenye vitunguu, kama alivyo sasa, na mimi nilikuwa mdogo, mdogo karibu na ulivyo wewe leo. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuchapa nilikuwa nimejifunza kwenye kompyuta ya parokia, vidole vyote kumi, bila kuangalia. Nikaenda kwa Baba Safari, yule mwenye steshenari jirani na stendi. Akaniangalia akasema, "Kuchapa unaweza, sawa. Na huyo mtoto?"

Nikamwambia, "Atakuwa mgongoni. Hatakusumbua."

Na kweli hukusumbua. Watu walikuwa wanaingia, wanachapiwa barua, wanatoka, hawajajua kama kuna mtoto. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilijua namna ya kukulaza. Mtoto akiwa mgongoni huwezi kuegemea kiti, utambana. Kwa hiyo nilikuwa nakaa ukingoni, kiti nusu, na mgongo nimeuinamisha mbele uwe kama kitanda. Nikinyooka, unaamka unalia. Nikiinama, unalala. Basi nikainama. Nilichapa maombi ya kazi, nikachapa risala za harusi, nikachapa mihtasari ya vikao vya kijiji, wewe pumzi yako iko hapa nyuma ya shingo yangu, ya moto. Ningekudanganya nikisema ilikuwa siku mbaya. Ilikuwa raha. Ndiyo maana sikuiona.

Wanawake wote huku kwetu wanafanya kazi na mtoto mgongoni. Bibi yako amepalilia mahindi kule Buger akiwa amenibeba mimi. Lakini shambani mtu anainama anainuka, anafika mwisho wa mstari ananyoosha kiuno, anamshusha mtoto kivulini anamnyonyesha, anapiga soga. Mimi nilichukua mtindo wa shamba nikauingiza kwenye kompyuta. Kompyuta haina mwisho wa mstari, ukifika mwisho inakupa mwingine.

Halafu ukakua. Ukatambaa, ukasimama, ukaanza chekechea pale kanisani. Mbeleko nikaifua nikaikunja. Na mimi nikaendelea kukaa ukingoni mwa kiti, nimeinama, kana kwamba upo. Miaka, Emi. Kile kiti kilikuwa na egemeo zuri tu, zima, halijawahi kuguswa na mgongo wangu. Baba Safari alikuwa anatundika koti lake hapo. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi.

Kilichokuwa kinaniokoa ni kukatika kwa umeme. Ulikuwa unakatika ovyo, na ukikatika tunatoka wote nje tunasimama barazani, tunapiga miayo, tunanyoosha mikono, tunaangalia magari ya wageni yakipanda Ngorongoro. Wateja wananung'unika, mimi namshukuru Mungu bila kujua namshukuria nini. Halafu Baba Safari akaleta laptop. Akaja anaibeba kama mtoto mchanga, akasema, "Sasa Mama Emi, umeme ukatike usikatike, kazi haisimami." Na haikusimama. Kompyuta ya zamani kioo chake kilikuwa juu, usawa wa macho. Laptop kioo kiko chini, na kichwa changu kikakifuata huko huko chini.

Na choo. Hili nalo nikuambie, maana wewe una aibu kama yangu. Ufunguo wa choo ulikuwa kwa kijana wa gesti ya nyuma, na kila ukiuomba ana neno. "Tena, dada? Leo umekunywa mto mzima?" Nikaona dawa ni kutokunywa maji. Nilikuwa nakaa tangu asubuhi mpaka mchana sijainuka hata mara moja, na nikawa najisifu kwamba mimi ni mchapakazi. Kuna siku mzee wa kamati ya harusi alinisimamia kichwani, "Dada, malizia, kwaya inasubiri," mkono umeshakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, na mimi namwambia, "Dakika moja tu, mzee." Nilimaliza risala yake kwa mkono wa kushoto. Bibi harusi alifurahi sana, waliniambia.

Maumivu yenyewe huna haja ya kusimuliwa. Umenichua shingo kwa mikono yako ukiwa darasa la nne, unapanda juu ya stuli ili unifikie. Ulikuwa unauliza, "Hapa, mama? Hapa?" Mimi nasema hapo hapo, hata kama siyo hapo, ili ukalale. Nimepaka kila dawa ya kuchua iliyouzwa mnadani. Nimefungwa kitambaa chenye majani ya moto. Mwingine akaniambia kuna mtu ameniangalia vibaya kwa sababu ya kazi yangu ya kukaa kivulini, nikaamini wiki nzima nikamnunia shangazi yako bure. Bibi yako alikuja kutoka Buger, akanitazama ninavyogeuka mwili mzima nikiitwa, akacheka kwanza. Unamjua. Akasema, "Mimi nimebeba ndoo kichwani tangu utoto, shingo hii hapa. Wewe umebeba herufi, na zimekushinda." Halafu akaona sicheki, akaenda kunichotea maji.

Hospitali nilikwenda wakati mkono umeshakataa kupanda. Yule wa mazoezi ya viungo hakuniuliza panauma wapi. Alinipa kiti na meza, akasema, "Mama, kaa kama unavyokaa kazini." Nikakaa. Akazunguka nyuma yangu, akauliza, "Hapo mgongoni umebeba nini?"

Nikamwambia, "Sijabeba kitu."

"Mbona umekaa kama uliyebeba?"

Emi, nililia pale mbele ya mgeni. Akadhani amenigusa panapouma. Nilishindwa kumweleza, kwa hiyo sikumweleza. Ni leo ndiyo naeleza, na ninakueleza wewe.

Sasa usije ukachukua hii barua ukaisoma vibaya, ukasema wewe ndiye ulinivunja mgongo. Nakukataza. Hukuwa na uzito wowote, ulikuwa kama kilo ya unga. Mimi ndiye niliyesahau kwamba nimeshakushusha.

Alinipa mazoezi, nikayafanya, yakasaidia shingo. Mkono alisema tumechelewa. Alisema kwa upole, lakini alisema. Ndiyo huo unaouona, unashika kijiko leo na kesho unakiangusha. Baba Safari alinivumilia alivyoweza, halafu akamchukua yule binti wa Rhotia. Simlaumu. Nikipita pale namwona, binti mzuri, anachapa haraka kuliko mimi. Anakaa ukingoni.

Jana ulinikuta najaribu kushusha begi lako kutoka juu ya kabati. Ulinisogeza kwa bega, ukalishusha, ukaenda zako. Nilitaka kukushukuru na nilitaka kukukaripia, nikabaki naangalia juu ya kabati pale begi lilipokuwa, pana alama ya vumbi.

Kwa hiyo mimi ninayekushauri mkono wangu haufiki juu ya kabati. Nakuambia mapema ili ujue ninakushauri nikiwa wapi.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu, na nusu yake nimejifunza kwa kukukaripia wewe bila mafanikio. "Emi, mgongo." Nimesema mara ngapi? Unanyooka kwa urefu wa sentensi yangu. Nilikuwa nakasirika, nasema huyu mtoto kiburi. Halafu nikajijaribu mwenyewe, nikakaa wima kama askari wa gwaride pale jikoni nikichambua mchele. Sikufika mbali, nikachoka kuliko nilivyochoka nikiwa nimeinama. Ndipo nikaelewa kwamba kukwambia kaa wima ni kama kukwambia usipepese macho. Utaweza mpaka ushindwe. Mwili unakaa jinsi meza na kiti vinavyoutaka, na ukitaka ukae vingine, uvihangaikie kwanza hivyo.

Na hapo ndipo ninapokosa nguvu kabisa. Kiti chako cha kule sitakichagua mimi. Meza sijaiona. Ulinionyesha picha ya ile ofisi ya rizavesheni, mnapopokea maombi ya vyumba, wewe unaangalia dirisha na msitu, mimi nimeikuza picha kwa vidole natafuta kiti. Nikakiona kona yake tu. Kimefunikwa na sweta la mtu.

Nililala nikawaza nimpigie meneja. Nimwambie nini? Shikamoo, mimi ni mama yake Emiliana, naomba kompyuta yake iinuliwe? Ungekufa kwa aibu, na angekuwa na haki ya kucheka. Nikawaza nikuambie usiende. Nikaangalia mdogo wako na sare yake ya shule, nikaangalia huu mkono. Sikuweza kulisema hilo pia. Wewe unakwenda kwenye kazi ile ile iliyonimaliza, na mimi ndiye niliyekupigia pasi shati la kwendea.

Basi nisikilize kwa yale machache. Kioo kikufuate wewe, usikifuate. Wakikupa laptop, ipandishe juu ya kitu chochote, boksi la karatasi, vitabu vya wageni vya zamani, na uwaombe kibodi ya pembeni ili mikono ibaki chini karibu na mwili. Kaa nyuma kabisa mpaka kiti kikuguse. Miguu ikining'inia tafuta cha kukanyagia, hata kreti ya soda. Na uinuke. Hilo ndilo kubwa kuliko yote, kuinuka. Huko hamna umeme wa kukatika, jenereta lenu halilali, kwa hiyo tafuta umeme wako wa kukatika. Uliniambia redio inaita kutwa, madereva wanauliza vyumba. Ikiita, ijibu ukiwa umesimama. Hakuna atakayekuona mvivu, atakuona una heshima. Na maji unywe, na choo uende, na atakayekuhesabia mwambie mama yangu ndiye aliyenituma.

Baridi nayo ujihadhari nayo. Kule juu ukingoni mwa kreta ukungu ukiingia watu wote wanajikunja, mabega yako masikioni, mikono imebanwa mapajani. Niliona kwenye picha mlizopiga wakati wa fildi, mmekaa kama vifaranga. Mwili ukijikunja kwa baridi unadhani ndivyo ulivyoumbwa. Vaa sweta la pili, ushushe mabega.

Kuna kitu nilikufundisha, nataka kukitengua leo. Nilikufundisha usiwe ombaomba. Ukipewa kikombe chenye ufa, kunywa, shukuru. Ulikuwa mtoto mzuri, ulishika. Sasa naogopa watakupa kiti chenye ufa utakaa, ushukuru. Emi, kwenye hili omba. Omba mara ya pili. Ukinyimwa, nipigie tuhuzunike wote, halafu kesho yake uombe tena.

Na hili lingine sikuombi, nakuagiza, ndilo agizo pekee kwenye barua hii. Mkono ukifa ganzi usiseme baridi. Usimwambie mtu yeyote kwamba ni baridi, na usijiambie wewe mwenyewe. Mwambie nesi wa lojini siku hiyo hiyo. Ukija ofu ya kwanza, mapumziko yako, nitakuuliza, na nitauangalia mkono kabla ya uso. Usinidanganye, maana nimeusoma uongo huo kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nimepumzika kidogo. Nimesimama mlangoni nikaangalia upande wa msitu, wingu limeshuka mpaka usawa wa geti la hifadhi. Kuanzia kesho nitakuwa naangalia huko kila jioni kama mjinga. Nitaona wingu. Wewe utakuwa ndani yake, umekaa, na sitajua umekaaje.

Kwenye begi, chini ya sweta la kijani, kuna kitambaa. Utashangaa ni cha nini, kimeisha rangi. Ni ile mbeleko. Nimeifua tena na kuianika juani ipoteze harufu ya sanduku. Usiifanye pambo na usiwaonyeshe wenzako ukalia nayo. Ikunje mara nyingi mpaka iwe nene kama mkono, uiweke kati ya kiuno chako na kiti, hapo kwenye bonde la mgongo, halafu uegemee. Yule wa mazoezi ya viungo aliniambia niweke taulo. Mbeleko inatosha vizuri zaidi, nimejaribu. Siku ukisahau kuegemea, itaanguka chini, na ikianguka utajua.

Nasikia Mama Lea anacheka kule kwake, ina maana amefika nyuzi za mwisho. Ataniambia kama kawaida yake, "Mwachie mtoto, Mama Emi, atanyooka mwenyewe akichoka." Labda. Mimi nilichoka, sikunyooka.

Kesho pale njia panda gari la stafu halisubiri, kwa hiyo tuagane hapa nyumbani. Begi utalibeba mwenyewe, na usinitazame nikijaribu kukusaidia, mwache mdogo wako ashike upande mmoja. Ukishakaa dirishani nitakupungia. Nitakupungia kwa mkono wa kushoto, ndio unaopanda. Ukiuona, usiniinamie dirishani. Rudi nyuma kwenye kiti, uegemee, niuone mgongo wako umenyooka, hata kama ni mpaka kwenye kona tu.

Mama yako